Robinson Crusoe hakuwa mtu wa kweli

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti Robinson Crusoe alikuwa baharia wa kweli, akakaa kisiwani miaka 28, kisha akaandika mwenyewe kitabu cha maisha yake. Si kweli. Ni mhusika wa riwaya iliyochapishwa London mwaka 1719.

Wanaoamini hawana kosa kubwa. Toleo la kwanza lilitangaza kwamba kisa kimeandikwa na Crusoe mwenyewe, na jina la mtunzi halikuwekwa. Ujanja wa biashara tu. Halafu kuna kisiwa cha Chile kiitwacho Robinson Crusoe, lakini kilipewa jina hilo mwaka 1966, tena kipo Pasifiki. Fungua ramani: kisiwa cha riwayani kipo upande wa pili wa bara la Amerika Kusini, karibu na mlango wa mto Orinoco. Baharia Mskoti aliyeachwa peke yake kwenye kile cha Chile alikuwepo kweli, ila kwa miaka 4 na ushee, na hakuitwa Crusoe.

Na jina? Riwaya yenyewe inaanza kwa kueleza kuwa baba mtu alitoka Bremen, Ujerumani, akiitwa Kreutznaer, Waingereza wakalipotoa. Familia za Cruso, bila “e”, ziliishi kweli Norwich, Uingereza, karne ya 17. Jina adimu, lakini lipo.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mweleze aliyeutuma kwamba hiyo ni riwaya.