Mgonjwa mzee wodini: tunayoyaamini na yalivyo kweli

"Mzee amechanganyikiwa? Ni umri tu."

Kati ya dhana zote potofu kuhusu wagonjwa wazee, naiogopa hii kuliko nyingine, kwa sababu huua. Mgonjwa wa miaka 80 aliingia wodini jana akizungumza vizuri. Leo anawaita watu wasiokuwepo na kuvuta mpira wa mkojo. Umri haufanyi hivyo kwa usiku mmoja. Dimenshia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, yaani diliriamu, huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na karibu kila mara kuna chanzo cha kutafutwa: nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliozuilika, kukosa choo kwa siku kadhaa, maumivu, au dawa iliyoanzishwa juzi.

Tena wengi hawapigi kelele. Husinzia, huacha kula, hujibu kwa neno moja, na zamu nzima huwasifu kwa utulivu. Daktari anayepita mara moja kwa siku hawezi kuliona hilo kirahisi, muuguzi anaweza. Tangu 1990 kipo kipimo cha diliriamu kiitwacho CAM, kinachofanyika kwa dakika chache kando ya kitanda. Je, hali imebadilika ghafla, au inabadilikabadilika? Je, anashindwa kufuatilia mazungumzo? Yote mawili yakiwapo, pamoja na mawazo yaliyovurugika au ufahamu usio wa kawaida, mwite daktari. Na muulize ndugu anayemfahamu: wiki iliyopita alikuwa hivi?

"Hana homa, basi hana maambukizi."

Joto la mwili wa mzee mara nyingi liko chini kidogo kuliko la kijana, na linaweza lisipande hata akiwa na nimonia kali. Kuanguka, kukataa chakula au kupumua haraka huweza kuwa dalili ya kwanza. Kwa hiyo pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, si kukadiriwa kwa macho.

"Wazee hawasikii sana maumivu."

Wanasikia. Wengine hunyamaza wasije wakasumbua, wengine wamepoteza uwezo wa kueleza. Kwa mwenye dimenshia kipo kipimo cha PAINAD, kinachoangalia upumuaji, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Mtazame wakati anageuzwa au anaoshwa. Akiwa amelala tuli unaweza usione kitu.

"Alale apumzike, na akihangaika afungwe asianguke."

Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Fikiria basi aliyeingia akiwa tayari dhaifu. Kumfunga hakuthibitiki kumkinga na kuanguka. Humwongezea hofu, vurugu na vidonda vya kulalia, na wapo waliojeruhiwa na kamba hizohizo. Mara nyingi anayehangaika kushuka anataka choo. Apelekwe kwa saa zilizopangwa, kabla hajaomba. Kumvalisha nepi mtu anayeweza kwenda chooni ni kumnyang'anya uwezo aliokuja nao, kwa maana kujikojolea si sehemu ya kawaida ya kuzeeka.

"Anayewapenda wazee anajua kuwahudumia."

Hapa ndipo wengi wetu tunapojiridhisha mapema. Mtazamo na maarifa ni vitu viwili, na hata watafiti huvipima kwa zana tofauti: Kogan alichapisha kipimo cha mitazamo kuhusu wazee mwaka 1961, na Palmore akatoa maswali 25 ya kupima ujuzi kuhusu kuzeeka mwaka 1977. Moyo mwema haumfundishi muuguzi kwamba diazepamu, dawa ya kutuliza, hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu na kumwongezea hatari ya kuanguka, wala kwamba kiu hupungua na umri, hivyo mgonjwa asiyeomba maji bado anayahitaji. Hayo hufundishwa, tena kwa vitendo wodini.

Upendo wenyewe hukosea njia pia. Kumsemesha mtu mzima kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga huonekana ni huruma, lakini tafiti kwa wenye dimenshia zimeonyesha kwamba huwafanya wakatae zaidi kuhudumiwa. Muulize anapenda kuitwaje. Mvalishe miwani na kifaa cha kusikia kabla ya kumweleza lolote, sema sentensi fupi, kisha mpe muda wa kujibu mwenyewe, hata kama mwanawe amesimama pembeni na jibu tayari mdomoni.