Ufuatiliaji wa mahitaji ni nini, na zana zake zinafanya kazi gani

Dodoma ni mji wa ofisi, na yeyote aliyewahi kufanya kazi masjala anajua tabu ya barua isiyo na kumbukumbu namba. Barua huja na "Kumb. Na." yake, majibu yake huanza na "Tafadhali rejea barua yako", na kila karatasi hupewa namba ya folio ndani ya jalada. Kwa utaratibu huo, afisa aliyehamia wiki hii kutoka mkoa mwingine anaweza kufungua jalada na kuona uamuzi fulani ulitokana na ombi lipi, na nani aliutoa.

Ufuatiliaji wa mahitaji ni utaratibu wa namna hiyo katika utengenezaji wa programu za kompyuta.

Hitaji ni jambo moja ambalo programu lazima ilifanye, likiandikwa kwa sentensi inayopimika. "Mfumo uwe wa haraka" ni matumaini tu. "Mkulima apate ujumbe mfupi wenye uzito wa mzigo wake ndani ya dakika 2 baada ya kupima" ni hitaji, kwa sababu mtu anaweza kusimama pale na saa mkononi akajibu ndiyo au hapana.

Tuchukue mfano wa kufikirika: chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, tuseme upande wa Hombolo, kinataka programu ya kupokelea mavuno mzanini. Kwenye kikao, mkulima mmoja anasimama na kulalamika kwamba kreti hupimwa pamoja na zabibu, kisha mpimaji hukata kilo kwa kukisia. Mchambuzi wa mfumo anaandika: "Programu iondoe uzito wa kreti tupu, kama ulivyosajiliwa, kabla ya kukokotoa malipo." Hitaji hilo linapewa namba, ZAB-07. Kuanzia hapo namba hiyo inatakiwa ionekane kwenye muhtasari wa kikao, kwenye maelezo ya muundo, kwenye kipande cha msimbo (maelekezo ambayo kompyuta huyafuata) kinachopiga hesabu, kwenye jaribio linaloipima hesabu hiyo na kwenye matokeo ya jaribio lenyewe.

Mwaka 1994 watafiti Orlena Gotel na Anthony Finkelstein waliieleza dhana hii kuwa ni uwezo wa kueleza na kufuata maisha ya hitaji, kwenda mbele na kurudi nyuma. Pande zote mbili zina kazi yake. Mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe hufuata nyayo kuanzia zizini kwake. Aliyemkuta ng'ombe asiyemjua ndani ya shamba lake la mtama hufuata nyayo kwa kurudi zilikotoka, mpaka ajue zizi la nani. Kwenda mbele ni kuuliza: hitaji hili limeishia wapi, na nani amelijaribu? Kurudi nyuma ni kuuliza: msimbo huu umo humu kwa sababu ya nani?

Swali hili la pili watu hulipuuza, na ndilo lililowahi kuangusha roketi. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikaharibika kabla ya kutimiza dakika moja angani. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya kukiweka sawa kifaa kabla ya kuondoka, nayo iliachwa iendelee kwa sekunde kadhaa baada ya roketi kuruka, kwa sababu ya hitaji la Ariane 4. Ariane 5 haikuwa na hitaji hilo. Lakini hesabu ilibaki, na kwa kuwa roketi mpya ilikuwa na mwendo tofauti, namba ya biti 64 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1) ilishindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Kifaa kikazima, na cha akiba, chenye programu ileile, nacho kikawa kimezima. Mtu angeshika msimbo ule akarudi nyuma kutafuta hitaji lake kwenye orodha ya Ariane 5, asingelipata. Msimbo ule ulikuwa ng'ombe mgeni shambani.

Upande wa mbele nao una msiba wake. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter. Maelezo ya makubaliano kati ya programu mbili yalitaka kipimo cha metriki, lakini programu moja ya duniani ilitoa takwimu kwa kipimo cha pauni. Hitaji lilikuwepo, limeandikwa. Halikufuatwa mpaka kwenye jaribio ambalo lingeonyesha kwamba halijatimizwa.

Hapa ndipo maneno mawili yanayochanganywa sana yanapoachana: uhakiki na uthibitishaji. Barry Boehm, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliyatenganisha kwa maswali mawili ambayo kwa Kiswahili naweza kuyasema hivi. Uhakiki unauliza, je, tumekijenga sawasawa kilichoandikwa? Uthibitishaji unauliza, je, tumejenga kile ambacho watu walikihitaji? Katika mfano wetu, jaribio linaweza kuonyesha kwamba kilo za kreti zinaondolewa bila kosa lolote, na uhakiki ukapita. Lakini kama uliosajiliwa ni uzito wa kreti za plastiki peke yake, na wakulima wengine wanaleta za mbao, yule mkulima aliyesimama kikaoni bado anapunjwa au anazidishiwa. Ili uligundue hilo, uzi wa ufuatiliaji lazima ufike mpaka kwake. Ukiishia kwenye waraka wa mchambuzi, una nusu ya ufuatiliaji.

Sasa zana. Ya kwanza, na inayotumiwa na wengi, ni jedwali: mahitaji yanashuka kwa safu, majaribio yanavuka kwa juu, na alama inawekwa yanapokutana. Excel inatosha kabisa kwa mahitaji 30. Kwenye 300 jedwali huanza kusema uongo, kwa sababu hakuna anayekumbuka kulirekebisha kila msimbo unapobadilika.

Zana zenyewe za kazi hii zilizaliwa kwa sababu ya viwanda ambavyo kosa linaua. Kiwango cha DO-178C cha programu za ndege kinadai viungo kutoka mahitaji ya mfumo mpaka msimbo na majaribio. Vifaa vya tiba vina IEC 62304, na magari yana ISO 26262. DOORS, ambayo sasa ni ya IBM, ndiyo kongwe inayojulikana zaidi huko. Polarion ya Siemens hufanya kazi ya aina hiyo, na timu nyingi huongeza viungo vya mahitaji ndani ya Jira, zana ya kupanga kazi za timu. Kuna pia ReqIF, muundo wa faili unaowezesha mahitaji kuhama kutoka zana moja kwenda nyingine bila kuandikwa upya.

Kwa timu ndogo za hapa kwetu, vijana wawili au watatu waliotoka chuoni wakapata kazi ya mfumo wa halmashauri au wa ushirika, mimi napendekeza zana huria kama Doorstop au StrictDoc. Humo mahitaji ni faili za maandishi ya kawaida, zinakaa kwenye hifadhi moja na msimbo, na kila badiliko lina jina la aliyelifanya na tarehe. Hakuna leseni ya kulipia kwa dola, na mtu akihamishwa faili zinabaki.

Zana hizi huonyesha thamani yake siku ya mabadiliko. Tuseme chama kinabadilisha kreti, na ZAB-07 inaandikwa upya. Doorstop, kwa mfano, huhifadhi alama ya maandishi ya kila hitaji yalivyokuwa yalipokaguliwa mara ya mwisho. Maandishi yakibadilika, alama hailingani tena, na viungo vyote vinavyolitegemea hitaji hilo vinageuka kuwa vya kutiliwa shaka mpaka mtu avipitie. Mtayarishaji anaweza kukumbuka hesabu ya malipo na stakabadhi anayopewa mkulima. Zana inamkumbusha pia kuhusu ripoti ya mwezi, ambayo iliandikwa na mwenzake aliyekwisha kuondoka.

Kuna jambo moja ambalo hakuna zana italifanya kwa niaba yako. Niliwahi kuletewa mfumo wa ofisi moja niujaribu, jedwali lake likiwa kijani tupu, kila hitaji na jaribio lake. Nilipofungua majaribio, mengi yalikuwa yanaangalia kama ukurasa unafunguka. Hitaji la kukokotoa riba lilikuwa limefungwa kwenye jaribio la kuingiza nywila. Viungo vilikuwepo na vilikuwa havina maana, na niliumia kwa sababu waliokuwa wakisubiri mfumo ule waliamini umepimwa. Zana inajua kwamba A imefungwa kwa B. Kama B inaipima A kweli, ni mtu aliyesoma zote mbili ndiye anayejua. Kwa hiyo anayekagua viungo asiwe yuleyule aliyevifunga.

Kabla ya kupokea mfumo, iombe zana mambo matatu: mahitaji yasiyo na jaribio, msimbo usio na hitaji, na viungo vya kutiliwa shaka ambavyo hakuna aliyevipitia. Orodha ya kwanza watu huikubali haraka. Ya pili ndiyo inayoleta ubishi, kwa kuwa kila mtu anaamini msimbo ule una kazi yake mahali fulani.

Halafu kuna siku msimu umefika, zabibu ziko mzanini, na mkulima anashika stakabadhi yake na kuuliza kwa nini kilo 2 zimekatwa. Karani anafungua kompyuta: stakabadhi inampeleka kwenye ZAB-07, na ZAB-07 inampeleka kwenye muhtasari wa kikao, tarehe na ajenda. Anakigeuza kioo cha kompyuta ili mkulima naye asome.