Mankala si jina lingine la bao

Mpwa wangu alirudi likizo kutoka masomoni na kijisanduku chembamba cha mbao kinachokunjika katikati kama daftari. "Mjomba, nimekuletea mankala. Si unapenda bao? Ni lilelile." Nikakifungua. Mashimo 6 upande wangu, 6 upande wake, na bakuli moja refu kila mwisho. Badala ya kete, vigololi vya kioo vya rangirangi. Nikashukuru, zawadi haikataliwi. Lakini hilo "ni lilelile" limenikaa kooni, maana si yeye wa kwanza. Nilishamsikia mtangazaji akisema "bao, au kwa jina lake la kimataifa, mankala". Na kijana mmoja aliyepiga picha wazee barazani akaandika chini yake kwamba wanacheza "mankala ya Waswahili". Wale wazee wangesoma, wangeuliza huyo Mankala ni mtoto wa nani.

Maana yenyewe ni fupi. Mankala ni jina la ukoo mzima wa michezo ambayo mchezaji huzoa mbegu zote za shimo moja na kuzigawa mojamoja kwenye mashimo yanayofuata. Basi. Bao limo ukooni humo. Oware ya Waakan wa Ghana imo, omweso wa Waganda umo, igisoro ya Rwanda imo, pallanguzhi ya Watamili imo, congkak ya Wamalay imo. Kila mmoja una kanuni zake, na wengine wamepishana mbali kiasi kwamba hodari wa mmoja huanza na moja kwenye mwingine.

Neno hili sisi si wageni nalo. Limetoka katika Kiarabu, mzizi wake ni *naqala*, kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Mzizi huohuo ndio uliotupa "nakili" na "nakala": unahamisha maneno kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Kwa hiyo mankala na ile nakala ya cheti unayogongewa mhuri ni ndugu wa damu. Na Waarabu waliposema *manqala* hawakuwa wakitaja ukoo wowote. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, alieleza mchezo wa jina hilo waliokuwa wakicheza watu wa pale: safu mbili, mashimo 12, makombe 72. Ulikuwa mchezo mmoja, wa mji ule na majirani zake. Huku pwani, pamoja na maneno yote tuliyochukua kwa Waarabu, hili hatukulichukua kwa mchezo wetu. Tulikuwa na ubao mkubwa, tukauita bao.

Aliyelifanya jina la mchezo mmoja kuwa jina la ukoo ni msomi, hasa Mmarekani Stewart Culin, mtu wa makumbusho, katika miaka ya 1890. Alikusanya habari za michezo ya aina hii kutoka Syria hadi Afrika Magharibi, akaiweka kapu moja, akaiita mankala, na akasema ndio mchezo wa taifa wa Afrika. Taifa lipi, hakutuambia. Lakini wasomi wanahitaji kapu, na hilo la jina siwezi kumlaumu sana.

Ninayemtazama kwa jicho la pembeni ni mwingine. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni mchezo wake mwepesi wa safu mbili akauita Kalah. Ulikusudiwa kufundishika haraka, na kweli unafundishika haraka. Baadaye wauzaji wakachukua jina la kapu la wasomi na kulibandika juu ya sanduku. Ndiyo maana leo kijana akifungua mchezo wa "Mancala" kwenye simu, anachokiona ni Kalah ya Champion au binamu yake wa karibu. Nacho ndicho alichoniletea mpwa wangu. Ni mchezo wa Marekani, umri wake haujafika miaka 100, umevalishwa kilemba cha Kiarabu, halafu unakuja Tanga kuambiwa ndio bao.

Tulicheza. Tulipomaliza akaanza kuhesabu vigololi kwenye bakuli lake, akaniuliza, "Mjomba, wewe una ngapi?" Hapo ndipo nilipoona tofauti nzima imekaa katika swali moja.

Katika Kalah unaweka akiba. Kinachoingia bakulini hakitoki, na mwisho mwenye nyingi ndiye mshindi. Katika bao hakuna bakuli. Kete ninazokula kwako sizifichi popote, nazirudisha ubaoni papo hapo, nazigawa upande wangu kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la safu ya mbele, na hizohizo unaweza kuzila tena baada ya dakika mbili. Kete ni 64 mwanzo, na ni 64 mwisho. Wala idadi haikuokoi: safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama safu ya nyuma imejaa kete thelathini. Nimewahi kufungwa hivyo, na aliyenifunga hakuwa na nyingi. Kuuliza una ngapi ni kama kumuuliza mpiganaji mieleka ana kilo ngapi baada ya kuangushwa.

Na hapo sijagusa mengine. Mashimo ni 32 katika safu nne. Bao la Kiswahili halianzi na kete zote ubaoni: kila mmoja anaweka 6 katika nyumba, shimo lake kuu la safu ya mbele, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kuliani kwa nyumba hiyo, na 22 zinabaki akiba, anazinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja kila zamu mpaka ziishe ndipo mtaji, awamu ya pili ya mchezo, uanze. Penye kula ni lazima ule, pasipo, unatakata, yaani unagawa kete bila kula. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha; ikiangukia shimo lenye kitu, mkono unaendelea, na mkono mmoja wa bingwa unaweza kuzunguka ubao hadi watazamaji wakasahau ulianzia wapi. Yeye hasahau. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar miaka ya 1990 kuchunguza hasa jambo hilo, jinsi wanavyopiga hesabu ya mizunguko hiyo kichwani bila kugusa kete. Kalah, kwa upande wake, kompyuta zilishaimaliza: katika mchezo wa kawaida wa mbegu 4 kila shimo, anayeanza asipokosea anashinda.

Haki yao niwape wabunifu wa michezo ya mezani wa siku hizi. Wao wanaposema mankala wanamaanisha ufundi, ile kanuni ya kuzoa na kugawa mojamoja, na wanaitumia hata pasipo na shimo wala mbegu. Mwaka 2011 Mjerumani Stefan Feld aliitia katika Trajan. Mwaka 2014 Mfaransa Bruno Cathala akatoa Five Tribes, ambamo unazoa vijitu vya mbao kutoka kigae kimoja na kuviacha kimojakimoja njiani, na usultani wa kubuni unaochezewa akauita Naqala. Mtu huyo alijua neno lilikotoka. Na Waturuki nao wana mchezo wao unaoitwa mangala, ulioingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020 pamoja na togyzqumalaq ya Kazakhstan na ndugu yake wa Kirgizistani. Mturuki akisema mangala ametaja mchezo wake kwa jina lake, kama mimi nikisema bao.

Nikiwa hapohapo, na hawa wanaotafsiri kila mchezo wa mezani kuwa "mchezo wa bao", wapunguze. Sataranji si bao. Drafti si bao, japo zote zina ubao na tunaita vitu vyake kete.

Mpwa wangu nilimwambia hivi, bila ukali: ukitaka kutaja ukoo, sema mankala, hujakosea. Ukitaka kutaja hicho kisanduku, sema Kalah. Ukimkuta mzee ameinamia mashimo 32 na komwe mkononi, sema bao, na umsubiri alale ndipo umsalimie. Akaniuliza alale vipi naye anacheza. Nikaenda kuchukua ubao.