Pampu yako haijafa, ni jiwe

Juzi alfajiri, hata chai sijanywa, simu inaita. "Fundi, mapovu ya tangi la samaki yamepungua, pampu ya hewa imekufa. Niletee kubwa kuliko hii." Huyo ni wa tatu wiki hii, na pampu zote tatu zilikuwa nzima. Vijana wakimwona mtu amekasirika mtandaoni husema povu linamtoka. Basi leo linanitoka mimi.

Chomoa jiwe la hewa, lile lenye vitundu mwishoni mwa mrija linalotoa mapovu, tumbukiza mrija mtupu kwenye tangi. Maji yakitokota kama ya ugali, pampu haina ugonjwa, mgonjwa ni jiwe. Kwa huyo wa juzi ndivyo ilivyokuwa. Jiwe lina mwaka mzima, nje ukoga wa kijani, ndani chokaa, maana anatumia maji ya kisima, yale yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Hewa ipite wapi? Chokaa hulainika ukililoweka kwenye siki usiku kucha, kisha ulisuuze vizuri. Ukoga ukishaingia ndani sihangaiki nao, natupa.

Na mrija mtupu nao ukitoa hewa kiduchu? Angalia kama umejikunja nyuma ya kabati au umekakamaa na kupasuka pale unapoingia kwenye pampu. Toa valvu ya kuzuia maji kurudi, ujaribu bila yake. Geuza pampu chini juu, mara nyingi kuna kipande cha kitambaa cha kuchuja vumbi ambacho watu wengi hawajawahi kujua kipo. Yote hayo yakiwa safi, sasa ndiyo tuzungumze habari ya kiwambo, ule mpira unaosukuma hewa ndani ya pampu.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo panaponichoma. Mtu anaacha jiwe lilelile bovu, ananunua pampu kubwa ili "isukume kwa nguvu". Ndani ya pampu hizi hamna mota ya kuzunguka. Kuna koili, sumaku kwenye mkono, na kiwambo cha mpira. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mkono unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, zaidi ya mara milioni 4 kwa siku. Hewa ikikosa njia ya kutokea inarudi kuubana mpira. Mpira unapata joto, unalegea, mwisho unachanika. Jiwe lililoziba ndilo linaloiua pampu polepole, halafu wewe unaliongezea jiwe hilohilo mhanga mwingine, tena wa bei kubwa.

Kina nacho ni mzigo: kila sentimita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban kilopaskali 1. Ndiyo maana nikitaka kujua hali ya kiwambo, naweka jiwe safi sakafuni mwa tangi, kisha nalipandisha taratibu. Chini kimya, juu mapovu tele? Kiwambo kimechoka. Na wale wenye hewa nyingi mno wanaobana mrija kwa kibanio cha nguo (nimeviona, msibishe), mnafanya kosa lilelile la jiwe lililoziba. Weka kiungo cha njia tatu, hewa ya ziada itokee nje.

Lini kitachanika, siwezi kukuambia. Niliwahi kufunga pampu mbili za aina moja siku moja, moja ikafa mapema, mwenzake bado anapuliza. Nimezifungua zote mbili nikakodoa macho, sikuona tofauti.

Halafu ile hofu yenyewe: "samaki watakosa hewa". Kiputo kwenye tangi la sentimita 40 kinafika juu kwa sekunde mbili hivi. Kazi yake kubwa ni kuinua maji ya chini na kuuvuruga uso wa maji, na pale usoni ndipo oksijeni inapoingia na kaboni dayoksaidi inapotoka. Mapovu ya kupendeza juu ya uso uliotulia kama kioo ni pambo. Kichujio kinachomwaga maji kwa kishindo kinatosha matangi mengi bila jiwe lolote. Vitabu husema ni uso tu basi. Mimi sijaridhika kabisa, viputo vidogo kama vumbi hukaa majini zaidi na lazima vinachangia kitu. Ila mawe ya viputo hivyo yanadai shinikizo kubwa, kwa hiyo tunarudi kwenye kiwambo kilekile.

Samaki wakitweta juu ya maji huku uso unachezacheza vizuri, acha pampu. Pima amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, badilisha sehemu ya maji kwa maji yasiyo na klorini, na umuulize dada wa kazi amewamwagia chakula mara ngapi. Maji ya joto nayo hushika oksijeni kidogo: kwa nyuzi 28 hayafiki miligramu 8 kwa lita, hata ukipuliza mpaka kesho.

Jambo la haraka, kwa sababu umeme unakatika: pampu ikae juu ya usawa wa maji, la sivyo valvu ni lazima. Na kabla ya kuifunga valvu hiyo ipulize kwa mdomo, ujue hewa inapita upande gani. Aliyeifunga kinyume mwezi uliopita alinipigia akisema pampu mpya imekufa ndani ya boksi.

Yule wa juzi alinunua pampu mpya vilevile. Ya zamani akaniambia niitupe. Ipo dukani kwangu, inalea vifaranga wa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, jiwe jipya.