Soya haijitilii mbolea peke yake

"Soya ni jamii ya kunde, inajitilia mbolea yenyewe." Kauli hii imezoeleka Lindi na Mtwara, na ina ukweli nusu. Shamba likigeuka njano, mkulima huambiwa mbegu yake mbovu. Naona anaonewa.

Wanaonasa naitrojeni ya hewani, ambayo ndiyo mbolea inayosemwa, ni bakteria waishio ndani ya vinundu vya mizizi, si soya yenyewe. Zao hili asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wanaopatana nalo vizuri mara nyingi hawamo kwenye udongo usiowahi kupandwa soya. Ndiyo maana mbegu huchanganywa na chanjo ya bakteria hao, kivulini, na kupandwa siku hiyo hiyo, kwani jua kali huwaua.

Lakini hata chanjo hushindwa udongo ukiwa na tindikali nyingi. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, fosforasi hufungwa udongoni mmea usiipate, na madini ya molibdeni ambayo bakteria wanaihitaji hupungua. Kwetu kuna la ziada: salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga huongeza tindikali mwaka hadi mwaka. Anayetaka kupanda soya kati ya mikorosho ya zamani apime udongo kwanza, kisha achanganye chokaa ya kilimo kwa kiasi kilichoonyeshwa na vipimo, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Soya ikitoa maua, chimbua mche mmoja taratibu, upasue kinundu. Kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakinasi naitrojeni.