Kabla hujafunga pampu ya umeme kwenye lori la zamani

Oktoba hapa Tabora ndio mwezi wa simu. Mvua bado, jua limekaza, na magari ya petroli ya zamani yanazima njiani moja baada ya jingine. Maneno huwa yale yale: "Fundi, nilikuwa natembea vizuri, nikasimama Ipole kununua maji, sasa haliwaki." Nikifika namkuta dereva ameshalowesha tambara na kuliweka juu ya pampu ya mafuta, amekaa kivulini anasubiri. Baada ya robo saa gari linawaka. Kesho yake anakuja gereji na ombi moja: nimtolee pampu ya AC (hilo ni jina la kiwanda, si kiyoyozi), ile inayoendeshwa na injini, nimfungie ya umeme.

Kazi hiyo naifanya, na naipenda. Lakini nimetoa pampu nyingi za umeme zilizofungwa vibaya na mafundi wengine, na baadhi nilizifunga mwenyewe nilipokuwa kijana, kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Tuanze na hiyo unayotaka kuitoa. Pampu ya AC imekaa ubavuni mwa injini. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, ina pua moja iliyoachwa kwa ajili yake tu. Ikizunguka, pua inasukuma mkono wa pampu, mkono unavuta diaframu, ile ngozi laini ya ndani ya pampu, na petroli inatoka tankini. Kinachoipeleka petroli kwenye kabureta, inakochanganywa na hewa, ni springi iliyo chini ya diaframu. Chemba ya kabureta ikijaa, floti, yaani boya lake, inapanda, sindano inafunga mlango, springi haina pa kusukumia, na mkono unabaki unacheza bure. Pampu inajipima yenyewe. Na injini ikizima kwa sababu yoyote ile, pampu nayo imezima. Shika hilo la mwisho, nitalirudia.

Udhaifu wake ni mahali ilipo. Imegusa bloku ya moto, na kazi yake ni kuvuta. Kimiminika kinachovutwa huchemka mapema kuliko kinachosukumwa, maana presha ikipungua hata joto la kukichemsha linapungua. Sisi Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe tayari inakandamiza kidogo kuliko Dar es Salaam. Ukizima injini ikiwa moto, hakuna upepo wa feni wala petroli mpya ya kupooza, basi iliyomo kwenye pampu na bomba inageuka mvuke. Ukipiga stata, diaframu inavuta mvuke, inaubana, unatanuka tena, mafuta hayapandi. Ndiyo maana tambara la maji linasaidia.

Pampu ya umeme ikikaa chini karibu na tanki, bomba lote refu la kwenda mbele linakuwa la kusukuma badala ya kuvuta. Faida yake ni hiyo, wala si nguvu. Na asikwambie mtu kwamba ni kuharibu asili ya gari: Land Rover za mwanzo kabisa, za mwaka 1948, zilitoka kiwandani na pampu ya umeme ya SU, na Land Rover ndefu ya 109 ya silinda 6 ya lita 2.6 nayo ilikuwa na ya umeme.

Ila kwanza hakikisha pampu ya AC ndiyo yenye kosa. Fungua kifuniko cha tanki gari likiwa limezima njiani; ukisikia tanki linavuta pumzi, fyuuu, tatizo ni tundu la hewa lililozibwa na vumbi, au kifuniko cha gari jingine kisicho na tundu. Angalia gasketi ya kikombe cha kioo cha pampu, kile kinachonasa uchafu. Kisha kagua mpira mfupi unaounganisha bomba la chesisi na pampu. Mpira huu unadanganya watu kila siku, kwa sababu uko upande wa kuvuta: ukipasuka hautoi mafuta nje, unaingiza hewa ndani, kwa hiyo chini pamekauka na wewe unaona mzima. Ukunje kwa vidole, nyufa zitajifungua. Mwisho, injini ikiwa imepoa, chomoa waya wa koili, chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, mtu apige stata. Mirusho ikitoka minene bila povu, acha pampu ya watu.

Na chomoa dipstiki. Weka oili kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, sugua, nusa. Ikiwa nyepesi kama maji, ina harufu ya petroli, na kiwango kimepanda kuliko ulivyoacha, diaframu imechanika na petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gari hilo lisiwashwe tena mpaka oili imwagwe, maana beringi za injini hazilainishwi na petroli.

Sasa presha, mahali ambapo makosa ni mengi zaidi. Mwaka mmoja lililetwa Bedford la petroli likivutwa kwa kamba kutoka upande wa Sikonge, limebeba madumu ya asali. Lilikuwa limefungwa pampu kubwa iliyotolewa kwenye gari dogo la injeksheni, lisilotumia kabureta. Petroli ilikuwa inafurika kutoka kwenye kabureta, imelowesha manifoldi ya kupokelea hewa, inadondokea karibu kabisa na ya ekzosi. Mwenye gari, mzee wa heshima, ananiambia, "Mwanangu, walinihakikishia hii ina nguvu." Nguvu ilikuwepo kweli. Pampu za injeksheni nyingi husukuma psi 40 hivi (psi ni kipimo cha presha). Kabureta za magari haya zinataka tone tu la hiyo. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 inataka psi 1.5 hadi 2.5, Land Cruiser yenye injini ya 2F inavumilia zaidi kidogo. Ukizidisha, sindano ya floti inashindwa kufunga.

Ukitaka kujua psi 1 ni kitu gani, kumbuka ujanja wa madereva wa porini: pampu ikifa, wanafunga dumu la petroli juu ya kabini na kuteremsha mpira hadi kwenye kabureta. Ni hatari ya moto, usiufanye. Lakini gari hufika, na kimo cha mita 1 ya petroli kinasukuma kwa psi 1 tu. Psi 1 imelilisha lori lenye mzigo.

Wingi wa mafuta nao usikutishe. Lori linalokula lita 30 kwa kilomita 100, likitembea 60 kwa saa, linatumia lita 18 kwa saa. Pampu ndogo ya umeme inayojaza chupa ya lita 1 kwa dakika inatoa lita 60. Kwa hiyo dukani ulizia pampu ya kabureta, usome presha iliyoandikwa juu yake, na kama hakuna maandishi, funga geji kabla ya kuifikisha kwenye kabureta. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana upande wa chanya wa betri uliofungwa kwenye bodi badala ya hasi. Angalia betri, maana pampu nyingi za kisasa zina upande wake na ukigeuza waya unaiunguza.

Ifunge usawa wa chini ya tanki au karibu na hapo, kwenye chesisi, na vipande vya mpira katikati ili isipigwe na mtetemo. Iwe mbali na ekzosi, na ndani ya reli ya chesisi ambako mawe ya barabara ya vumbi hayaifikii. Filta ikae kabla ya pampu: kutu ya tanki la miaka 50 inaua pampu kwa wiki moja.

Pampu ya AC usiiache pale na kupitisha mafuta ndani yake. Diaframu yake ikichanika baadaye, ile ya umeme itasukuma petroli moja kwa moja kwenye oili. Itoe, kata kipande cha chuma cha milimita 6 kwa umbo la kitako chake, weka gasketi, kaza. Tundu hilo lina oili nyuma yake, usilizibe kwa bati jepesi.

Nifike kwenye waya. Zamani nilifunga pampu kwenye pikapu moja kwa waya mmoja kutoka kwenye swichi ya gari, fyuzi yake, basi. Ilifanya kazi miezi. Siku moja ikalala ubavu kwenye mtaro, si mbali na mji. Dereva alitoka mzima, ameduwaa. Nilipofika watu wamejaa, na katikati ya sauti zao nikasikia tik-tik-tik chini ya gari. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye kabureta na pampu yangu inaendelea kumwaga petroli mchangani. Kijana mmoja pembeni alikuwa na sigara. Nilipitisha mkono dirishani nikazima swichi. Usiku ule sikulala. Pampu ya AC isingefanya vile, kwa sababu injini ilikuwa imeshazima. Nilikuwa nimeondoa ulinzi ambao gari lilizaliwa nao na sikurudisha kitu.

Tangu hapo pampu yangu haipati umeme mpaka kuwe na presha ya oili. Natumia rilei ya miguu 5, yaani swichi inayovutwa na umeme. Mguu wa 86 unapata umeme wa swichi, wa 85 unaunganishwa na waya wa taa ya oili kwenye dashibodi. Injini ikiwa imezima, swichi ya oili inagusa bodi, taa inawaka, rilei inavuta. Umeme wa pampu, nao wa kutoka kwenye swichi ya gari, unaingia 30 na kutoka 87a, ule mguu unaokatika rilei ikivuta. Presha ya oili ikipanda, taa inazima, rilei inaachia, pampu inafanya kazi. Injini ikizima, taa inawaka na pampu imekatika. Kwa kuwa kabureta iliyolala wiki nzima huwa kavu, naongeza kitufe cha honi kinachoipa pampu umeme wakati umekibonyeza tu: sekunde chache, mdundo unapungua, chemba imejaa, piga stata. Wanaochukua umeme huo kwenye stata wasisahau diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, vinginevyo waya wa pampu utarudisha umeme na stata itaendelea kuzunguka injini ikiwa imeshawaka.

Mpangilio huu una kasoro moja: waya wa swichi ya oili ukikatika, taa haiwaki kamwe na pampu haikatiki. Kwa hiyo namfundisha dereva kuangalia taa ile kila anapofungua swichi. Isipowaka, asiwashe gari. Ukipata swichi ya ajali, ile inayokata umeme gari likigongwa, iunganishe kwenye waya huo huo wa pampu.

Bedford la mzee wa asali lilitoka gereji na pampu ya psi 2. Ile ya AC niliifunga diaframu mpya, nikaiviringisha kwenye nailoni pamoja na gasketi, boliti zake mbili na kipande cha mpira, nikaiweka chini ya kiti chake. Pampu ya umeme ikifa katikati ya msitu kati ya Sikonge na Ipole, spana moja na nusu saa zinatosha kumrudisha nyumbani.