Herufi m si dakika

Wengi wanaojifunza PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, huandika date('H:m') ili kuonyesha saa na dakika, wakidhani m ni dakika. Sivyo: m ni mwezi, dakika ni i. Kosa lenyewe lina ujanja, maana halitoi onyo lolote. Mwezi wa saba mzima risiti za duka la Kongowea zitaonyesha 09:07, 14:07, 18:07, na mwenye duka huenda asishuku kitu mpaka Agosti iingie, zote zigeuke :08. Andika date('H:i').

Na saa ikiwa nyuma kwa saa 3, huenda seva inafuata UTC, yaani saa ya kimataifa. Weka saa za eneo ziwe Africa/Nairobi, maana Africa/Mombasa haimo kwenye orodha ya PHP, hata tukinung'unika sisi wa Pwani. Kuigeuza 07:00 iwe saa moja asubuhi ni kazi yako. PHP haijui hesabu hiyo.